Rangi ya Nyumba ya Kizuka

Siku ya themanini na mbili ya eda yake, Bi Rahila Haroub alifungua simu akakuta nyumba yake imepakwa rangi ya kijani. Nyumba yenyewe haikuguswa. Ilikuwa na chokaa yake ile ile inayobambuka. Kilichopakwa ni ramani. Na ramani hiyo aliichora yeye, mwaka uliopita, kwa wiki tatu za kupanda na kushuka kilima na utepe wa kupimia mkononi. Alipoimaliza, nyumba namba sita, ambayo ndiyo yake, ilikuwa nyekundu.

Tuelewane mapema, maana mambo ya rangi yana wajuzi wengi. Tawi la chuo kikuu lilijengwa kilimani, kaskazini ya Pemba, mwendo mfupi kutoka Tumbe, pahali palipokuwa shamba la mikarafuu. Mikarafuu ikakatwa. Juu zikajengwa nyumba za wafanyakazi, chini yake dahalia, bweni la wanafunzi wanawake, na chini kabisa ni bonde la mpunga. Aliyeikata mikarafuu alisahau kwamba mizizi ndiyo iliyokuwa ikiushika udongo ule mwekundu, na mizizi ikioza haimwandikii mtu barua. Chuo kilipounda kamati ya maafa, itengeneze mpango wa kuyakinga majengo na upepo, radi, mafuriko na maporomoko, Bi Rahila, kwa kuwa ndiye ofisa wa majengo, akapewa kazi ya kuchora. Kijani maana yake kaa kwa amani. Manjano, tengeneza kwanza. Nyekundu, hama kabla ya masika.

Halafu, mwezi wa Disemba, mumewe akafa.

Maalim Haidar alikuwa akifundisha historia pale pale chuoni. Aliondoka Ijumaa asubuhi, amekaa barazani anafunga viatu, kwa presha ambayo siku zote aliiita uchovu. Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita na hawakujaaliwa mtoto. Siku tatu za matanga nyumba ilijaa hata pakakosekana pa kuvulia viatu. Wiki ya pili wakawa wanawake wanane. Mwezi wa pili akawa anakuja mmoja mmoja, tena ana haraka. Miezi minne na siku kumi ya eda, mjane hatoki nyumbani, ni mingi kwa anayekaa, na ni mingi pia kwa anayemtembelea anayekaa. Kufika Februari, Bi Rahila alikuwa akipika wali wa kikombe kimoja na kumwaga nusu, na akijikuta anaiambia birika, "Haya, chemka basi." Alikuwa mpweke, na upweke wenyewe ulikuwa wa mchana kweupe, wa saa nne asubuhi, nyumba imeshafagiwa na hakuna tena la kufanya.

Wenzake wa kamati walikutana mara nne bila ya yeye. Si kwa ubaya. Kizuka, yaani mjane anayekaa eda, hasumbuliwi. Mwanamme kumpigia simu mwanamke aliye edani, hata kama ni kwa kuulizia mfereji, humfanya ajione hakulelewa. Basi wakamwacha. Walimheshimu mpaka wakamsahau, na walipomkumbuka wakamfanyia wema mkubwa zaidi, wakambadilishia rangi.

Kusema kweli, moyo wake ulifurahi. Tangu Disemba alikuwa akiijua hesabu na akiikimbia: masika yanaingia mwezi wa tatu, eda inamalizika sikukuu ya Idi. Nyekundu aliyoiandika kwa mkono wake ingemtoa katikati ya eda, katika nyumba ambamo kila kitu kilikuwa bado pale Haidar alipokiacha. Kabatini mlikuwa na harufu yake. Kitandani mlikuwa na upande wake. Sasa kamati imesema kaa, na kamati ni watu wazima. Akaiweka simu kifuani, akafumba macho, akamshukuru Mungu.

Alipoyafumbua akaikuza ramani kwa vidole viwili. Dahalia nayo ilikuwa kijani.

Akakaa kitako vizuri. Katika ramani yake kulikuwa na sharti moja ambalo aliligombania kamatini mpaka akaonekana mkaidi: nyekundu haikatiki njiani. Udongo ukiporomoka hauchagui. Unashuka na kila kilichopo mpaka bondeni. Kwa hiyo ikiwa nyumba ya juu ni nyekundu, kila kilicho chini yake ni chekundu. Na ikiwa mtu anataka kuifanya nyumba ya juu kijani, ili asimkere mjane, inamlazimu aipake kijani na dahalia iliyo chini, maana wekundu wa dahalia ulitoka juu. Wasichana sitini na wanne walikuwa wakilala mle.

Akampigia Suhaib, katibu wa kamati, kijana wa Kengeja aliyewahi kusomeshwa na Maalim. Suhaib alipoliona jina alisimama. Bi Rahila alisikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Bi Rahila! Asalaam aleikum. Waumwa?"

"Waaleikumu salaam. Siumwi, mwanangu. Nani kapaka namba sita kijani?"

Suhaib alikohoa kidogo. "Siye sote, Bi. Tulikaa tukatazamana. Nani angeshika kalamu akuandikie nyekundu na weye umo edani? Watu wangesema Maalim hajapoa washamtoa mkewe nyumbani. Tukaona umalize eda yako kwa salama, mwezi wa saba tutairekebisha."

"Na masika?"

"Inshallah yatakuwa mepesi."

"Na dahalia?"

"Dahalia ilibidi ifuate, Bi. Sharti lako mwenyewe. Rangi haikatiki njiani."

Walilitii sharti lake neno kwa neno, wakakaidi maana yake yote. Bi Rahila alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Suhaib akamwambia kwamba ukurasa wa mwisho una jina lake kama mchoraji, na kinachongojwa ni yeye aridhie tu, Jumatatu mpango uende kwa mkurugenzi.

"Nitakujibu," alisema Bi Rahila. Wala hakumjibu siku ile, wala ya pili yake.

Tusimpambe. Siku mbili zile alikuwa akitafuta njia ya kukaa. Alijiambia kwamba ameshasahau vipimo, ilhali vipimo vilikuwa kichwani mwake kama sura ya Fatiha. Nyuma ya jiko kulikuwa na ufa katika ardhi, upana wa vidole viwili, umepinda kuufuata mgongo wa kilima. Mdimu wa uani ulikuwa umeinamia bondeni, na haukuinama kwa upepo. Mlango wa choo ulikataa kufunga tangu mvua za vuli. Haidar alileta randa akaupunguza, akasema mbao imevimba. Bi Rahila alijua kwamba mbao haina kosa, fremu ndiyo iliyopinda, lakini alimwacha mumewe arande, maana alikuwa akiimba na vipande vya mbao vimemkaa ndevuni.

Hesabu yake ilisema hivi: katika masika kumi, kilima kitashuka mara moja. Si nyingi. Mtu akikuambia katika fungu la embe kumi lipo moja bovu, unanunua. Akaishikilia ile mara moja akaigeuza huku na huku, aone kama itapungua. Haikupungua.

Jumamosi asubuhi alisimama dirishani mwa jiko. Chini, wasichana walikuwa wakifua. Mmoja alikuwa akiimba maneno ya kukosea makusudi, wenzake wakimrushia povu. Msichana mwenye ushungi wa manjano aliinua macho, akamwona, akampungia mkono. Bi Rahila alirudi nyuma haraka. Hakujua kama kizuka hupunga mkono. Alisimama katikati ya jiko lake, mkono umeinuka nusu, na akatamani sana awepo mtu wa kumuuliza.

Alasiri akampigia Shehe Ngwali, imamu wa msikiti wa chuo. Shehe alikuwa mtu wa maneno machache, jambo ambalo si la kawaida kwa kazi yake.

"Shehe, mwenye eda akihofia kuangukiwa na nyumba?"

"Ahame. Vitabu vimeandika, wala hapana khitilafu. Ataimaliza eda pahali pengine penye salama. Lakini hofu yako ni ya kweli, au ni dhana?"

"Ni mara moja katika kumi, Shehe."

Bi Rahila alimwombea aseme kwamba mara moja katika kumi ni dhana. Aliomba kwa moyo wake wote, na Mungu amsamehe.

"Na hiyo mara moja," alisema Shehe, "ina watu wangapi chini yake?"

"Sitini na wanne."

"Basi mbona waniuliza miye?"

Aliipaka ramani upya kabla ya magharibi. Namba sita, nyekundu. Dahalia, nyekundu. Chini akaandika: zihamwe kabla ya Ramadhani, na asiingie mtu yeyote mpaka masika matatu yapite bila ya ardhi kusogea. Akaituma kwa Suhaib. Kisha akaenda akakaa upande wa kitanda wa Haidar, akalia kilio ambacho hata matangani hakukilia, kwa sababu matangani kulikuwa na watu.

Wifi yake, Mwanamize, dada wa marehemu, aliipokea habari kwa simu kutoka Tumbe, na hakuipenda.

"Wifi, wamwacha kaka yangu peke yake?"

"Kaka yako yuko kaburini, wifi."

"Nyayo zake bado zimo humo ndani. Siku themanini umekaa, hizi zilobaki zakushinda nini?"

"Nyumba si salama."

"Imeanguka?"

"Haijaanguka."

Mwanamize alivuta pumzi ndefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefiwa. "Haya. Chumba cha nyuma kipo. Lakini watu wa hano wana midomo, nakwambia mapema."

Gari ya chuo ilikuja siku ya tisini, saa nne asubuhi. Suhaib alibeba vitu mwenyewe na hakuinua macho hata mara moja, adabu yake bado iko vile vile. Njia ilipopita karibu na dahalia, wasichana walikuwa wametoka na magodoro vichwani, wanakwenda kulala ukumbi wa mihadhara, ambako choo ni mbali na feni ni mbili. Walikuwa wamekasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Gari ilipopunguza mwendo, sauti moja ikasema, haikujificha:

"Mtu kachoka kukaa eda, kaona atuhamishe na siye!"

Wenzake wakacheka. Bi Rahila aliufunika uso vizuri, akatazama mbele. Aliyesema alikuwa na ushungi wa manjano.

Chumba cha nyuma kwa Mwanamize kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Ramadhani ikaingia. Jirani wa kike walikuja na vibakuli vya futari, tambi leo, kaimati kesho, na kila mmoja aliuliza lile lile kwa njia yake.

"Tumesikia nyumba imekuangukia, pole."

"Haijaanguka, ahsante."

"Ah!"

Ile "ah" ilimchoma kuliko tusi. Alikuwa ameonekana hana subira, mwanamke aliyemkimbia maiti. Mwanamize alimpikia, akamfulia, akamtandikia shuka safi, wala hakulitaja tena jina la Haidar mbele yake, kana kwamba Bi Rahila amemnyang'anya kaka yake. Nyumbani kwake, namba sita, Bi Rahila alikuwa mpweke pamoja na Haidar. Hapa alikuwa mpweke hivi hivi tu.

Mvua kubwa ilishuka katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ilianza alasiri na ikapiga mabati mpaka watu wakawa wanasemezana kwa mikono. Bi Rahila alikaa na tende mkononi na muhogo wa nazi mbele yake, anangoja adhana. Akaifikiria njia ya maji, nyuma ya jiko, katika ule ufa. Akawafikiria wasichana ukumbini, wakavu, wamenuna. Akaifikiria nyumba, haina mtu. Na moyo wake, pasi na ruhusa yake, ukasema: Ianguke.

Akashtuka, lakini moyo haukunyamaza. Ianguke leo. Haimo roho ndani. Ianguke na dahalia yake, ishuke mpaka mpungani, watu waje waione, Mwanamize aione, yule wa ushungi wa manjano aione. Niliitoka kwa sababu, ya Rabi, naijulikane kwamba niliitoka kwa sababu. Aliomba nyumba ya mumewe ibomoke, kitanda, kabati, baraza, kila kitu alichokuwa hawezi kukiacha, kisibaki. Kisha adhana ikalia, akakumbuka kwamba dua ya aliyefunga wakati wa kufuturu hairudishwi, na tende akairudisha sahanini.

Asubuhi yake alimpigia Suhaib.

"Kilima kipo?"

"Kipo, Bi, alhamdulillahi. Hakikutikisika."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Rahila, na ilimshuka kama shubiri.

Eda ilimalizika siku ya nne ya sikukuu. Mwanamize alimuogesha, akamvisha nguo mpya, akamfukiza udi, akamshika mabega kwa muda. Bi Rahila alirudi kazini, akapewa chumba katika nyumba ya wageni, upande wa pili wa kampasi, penye mwamba. Masika yaliendelea mpaka mwisho wa Mei. Yalikuwa mazito. Yalibomoa daraja la njia ya chini na kuezua banda la jenereta. Kilima hakikushuka.

Juni, kamati ilikutana, naye sasa yumo. Suhaib alisubiri wengine watoke.

"Bi, nimefikiri. Masika yamepita na nyumba imesimama. Twaweza kuirudisha kijani. Weye ukarudi kwako. Na wasichana wakarudi kwao, maana hawa wametuchosha kwa barua."

"Na sharti la masika matatu?"

"Sharti uliliandika weye. Nani atakulaumu ukilifuta?"

Bi Rahila alichukua utepe wake akapanda kilima peke yake. Nyuma ya jiko la namba sita, pembeni mwa ufa, kulikuwa na vigingi viwili vya chuma alivyovipigilia mwaka uliopita. Akapiga magoti kwenye udongo mwekundu akapima. Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Ufa haukuwa umesogea hata unywele.

Alikaa pale chini, nguo yake mpya inachafuka. Kama ungekuwa umesogea, angekuwa na la kuwaonyesha watu. Kwa kuwa haukusogea, alikuwa na ruhusa ya kurudi nyumbani, ruhusa iliyokaa wazi mbele yake na mlango hatua kumi na mbili kutoka alipo. Alitaka kurudi. Lakini mara moja katika kumi haipungui kwa kupita masika ya mwaka mmoja. Embe bovu bado limo katika fungu, na wewe umeshakula moja tu. Akaandika juu ya goti lake: haikusogea, inabaki nyekundu. Akaongeza kwamba dahalia isilaliwe tena, ijengwe nyingine kwenye mwamba, na namba sita ibomolewe kabla ya vuli ili kilima kipungukiwe na uzito. Aliandika haraka, kabla ya kuwa mtu mwingine.

Aliposhuka mbele ya nyumba alimkuta Mzee Shaame, mlinzi, amekaa upande wa nje wa kamba iliyozungushiwa nyumba ili watu wasipite.

"Bi, kilima chako hakikwanguka."

"Hakikuanguka, Mzee Shaame."

"Basi si ungekaa ukamaliza eda yako na mumeo."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayejumlisha mbili na mbili.

"Ningekaa," alisema Bi Rahila.

Mzee Shaame aliitazama nyumba, akamtazama yeye, akasimama na kuiinua kamba. "Ingia. Funguo ninazo. Nyumba ikishafungwa hivi mwisho huvunjwa, wajua. Ingia japo dakika mbili, mtu gani yuko hano wa kusema?"

Bi Rahila aliikaribia kamba mpaka ikamgusa kifua. Mlango ulikuwa umefungwa, baraza imejaa majani. Hakuipita. Alisimama pale pale, akavuta ushungi wake vizuri, akapaza sauti kidogo kuelekea nyumbani kwake.

"Hodi."

Mzee Shaame, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa, alifungua mdomo aseme karibu. Akaufunga.

"Hodi," alisema Bi Rahila mara ya pili.

Akangoja. Kila mtu anajua kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa mara ya tatu hurudi alikotoka, wala hana haki ya kukasirika.

"Hodi," alisema, na safari hii sauti ilikatika.

Akangoja kitambo kinachostahili. Kisha akamuaga Mzee Shaame, akashuka.